Tairi la Fundi wa Taru

Shughuli nzima ilinigharimu shilingi elfu kumi na moja na mia nne. Tairi la nyuma elfu moja mia tisa, la mbele elfu moja mia tano, shoki mbili elfu mbili mia nne, na samaki na barafu iliyomwagika barabarani elfu tano mia sita. Nimejumlisha mara mbili, na mara zote mbili zimekuja hizo hizo. Wenzangu hawakulipa kwa shilingi. Mwendeshaji wangu alilipa mguu wa kulia kuanzia chini ya goti. Fundi wa matairi alilipa meno matatu ya mbele, vidole viwili na jina lake la kazi. Meno na vidole niliviharibu mimi mwenyewe na vimekwisha kwenda. Jina ndilo ninaloandika kwa ajili yake, kwa sababu liko mikononi mwangu mpaka leo na sijui nilirudishe vipi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Mvua kubwa zilikuwa zimekwisha kula kingo za barabara, na wageni walikuwa wameikimbia Diani. Hoteli zilizokuwa zikipokea samaki kwa pikapu zilikuwa zimefunga, au zilikuwa wazi kwa ajili ya walinzi na paka. Mimi nilikuwa dalali wa samaki, nikinunua Msambweni na Gazi na kuuza kwenye majiko ya hoteli. Ikabaki hoteli moja yenye wageni wa maana, na mpishi wake mkuu, mtu wa bara mwenye kifua kama pipa, alijitungia sheria. Boksi la kwanza kufika mlango wa nyuma analinunua lote, kwa pesa taslimu. La pili lirudi lilikotoka. Nilijaribu kumbembeleza achukue nusu kwangu na nusu kwa dalali mwenzangu. Akaniambia jiko lake si mirathi.

Tulibaki madalali wawili, kwa hiyo tukabaki na pikipiki mbili, na kila asubuhi baada ya samaki kupimwa Msambweni ilikuwa ni mbio mpaka Diani. Mtu mwenye akili zake huenda kwa nusu saa na zaidi. Sisi tulikuwa tumeshafika dakika ishirini, boksi la kilo sitini na tano likiwa limefungwa nyuma ya mwendeshaji. Pikipiki yangu ilikuwa ya injini ya sisi mia mbili hamsini, niliinunua kwa mtu aliyekuwa akizikodisha kwa watalii. Mwendeshaji wangu alikuwa kijana wa bara, zamani akitandika vitanda katika mojawapo ya hoteli zilizofungwa. Alikuwa mfupi, mwepisi, na hakuogopa kitu isipokuwa bahari.

Watu wanadhani mbio ni mwendo tu. Mwendeshaji wa mwenzangu alikuwa na mkia wa taa, yule samaki bapa, umekaushwa juani na kukazwa mpaka ukawa mjeledi. Alikuwa akiuvaa shingoni kama skafu. Mkikaribiana anautoa na kukuchapa nao, mko mwendo wa kilomita tisini kwa saa, na mkia wa taa una ngozi kama msasa. Wiki ya kwanza nilihesabu mistari saba mgongoni kwa kijana wangu. Nilihesabu tena baada ya kuwekewa dawa, ikawa minane, mmoja ulikuwa umejificha kwapani. Nisijifanye malaika. Mimi ndiye niliyemnunulia kijana buti zenye chuma mbele, na nilimweleza wazi kuwa si za kutembelea. Wiki ya pili alimpiga mwenzake teke la goti pale njia panda ya Gazi, na yule mtu akachechemea mwezi mzima. Mkia ukawa unakuja usoni.

Kijana hakulalamikia mjeledi. Alilalamikia pikipiki.

"Hii kitu inanitupa, mzee," aliniambia. "Kona ikifika, nyuma inacheza kama mlevi."

Alikuwa anasema kweli. Pikipiki ilikuwa bado na matairi ya mchangani, yenye vipele virefu kama vidole vya mtoto, na kwenye lami vipele vile vilikuwa vikijikunja. Springi za nyuma nazo ziliwekwa kwa ajili ya mtalii mmoja na mkewe, watu ambao hawamwagiki kwenye kona. Boksi langu lilikaa juu, nalo lilikuwa likimvuta huku na huku. Kila siku tulipoteza kwenye kona zile zile tatu, na ya daraja la mto, ukishuka kutoka upande wa Msambweni, ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

Nikaenda kwa fundi wa Taru. Kibanda chake kilikuwa Ukunda kando ya barabara kuu. Alizaliwa Taru na kujifunzia kazi huko huko, kwenye matairi ya malori yanayopita usiku na mchana kwenda Nairobi, kisha akateremka pwani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alipima mpira kwa ukucha wa kidole gumba. Anaudidimiza, anautoa, anangoja, anautazama mpira unavyojirudishia umbo. Watu walikuwa wakitoka Likoni kumletea matairi ayadidimize tu na kusema neno moja.

Alinitolea matatu ya nyuma. La kwanza jipya, gumu, la kudumu miaka miwili. La pili lilikuwa kuukuu lililovishwa mpira upya, na nililisukuma kando kwa mguu kabla hajafungua mdomo. La tatu lilikuwa la mtumba kutoka ng'ambo, pana, halina vipele, lina mifereji miembamba, na ukucha wake uliingia ndani kama kwenye halua.

"Hili litaisha upesi," alisema. "Lakini kwenye kona halitakuacha."

Aliomba elfu mbili mia tano. Nikamwambia nanunua tairi, sinunui shamba. Tulikwenda hivyo mpaka elfu moja mia tisa, na la mbele, gumu kidogo kuliko hilo, elfu moja mia tano. Akanipa na hesabu ya upepo bila malipo: pauni thelathini nyuma boksi likijaa, ishirini na sita mbele. Nikairudia hesabu ile mpaka akachoka kunisikiliza.

Shoki, zile springi za nyuma, nilizitafuta mwenyewe. Kulikuwa na mtu kule Waa aliyekuwa akiuza pikipiki iliyogongwa, kipande kipande, kama ng'ombe. Shoki zake za nyuma zilikuwa ngumu na nzima, ila fupi kwa vidole vitatu kuliko zangu. Ufupi ule niliuhesabu kuwa faida, kwa sababu boksi lingeshuka na kijana angefika chini kwa miguu yote miwili. Aliomba elfu nne. Niliondoka mara tatu, na mara ya tatu nilifika mpaka barabarani. Elfu mbili mia nne.

Nilipompelekea fundi azifunge, alichuchumaa nyuma ya pikipiki akatazama kwa muda. Tairi pana lilikuwa likigusa bati la kuzuia tope, kwa hiyo alilikata bati kipande kwa idhini yangu. Kisha akasema:

"Nyuma ikishuka, kaka, kila kilicho juu ya gurudumu kinashuka nayo. Niletee na boksi lake, limejaa kama linavyojaa siku ya kazi, nilitazame limekaaje."

"Kutazama ni bei gani?"

"Mia mbili."

Nikamwambia macho yangu ni ya bure.

Nilijaza mchanga wa ufukweni kwenye gunia, nikaupima kwa mizani ya samaki, kilo sitini na tano. Nikaupima tena. Sitini na tano. Nikaupakia kwenye boksi, kijana akakaa, nikapima kwa vidole nafasi kati ya boksi na tairi, ikabaki nafasi ya vidole vinne. Tukaenda mpaka Msambweni na kurudi. Kwenye kona ya daraja kijana alilala na pikipiki mpaka buti likakwaruza lami, na nyuma haikucheza hata kidogo. Alirudi akicheka. Ule mpira mwembamba unaotoa maji ya barafu chini ya boksi, ambao zamani ulifungwa kwenye mkia wa lile bati lililokatwa, niliufunga kwa waya kwenye chuma cha boksi, na kazi ikawa imekwisha.

Asubuhi ya pili ilikuwa kavu, jua limeshatoka, hakuna hata wingu. Niliwafuata katika pikapu ya muuza barafu, kwa sababu nilitaka kuona elfu tano mia nane zangu zikifanya kazi. Na zilifanya. Kijana alimpita mwenzake baada ya kilomita nne tu. Yule akamfuata na mkia wake, akamchapa mabegani mara mbili, mara ya tatu ukamzunguka shingoni na kuchana sikio. Tulikuwa karibu kiasi cha kuona damu ikiruka nyuma kwa upepo. Kijana hakugeuka. Aliachia mkono mmoja, akaushika mkia, akauvuta, na yule mtu ilibidi auachie au aje nao. Aliuachia. Muuza barafu alipiga honi kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu pesa za mpishi.

Kona ya daraja inapinda kulia. Kijana aliingia amelala, kama jana yake, na nyuma ikatoka. Haikucheza wala haikutikisika. Ilitoka mara moja, kama mtu amelivuta lile gurudumu kwa kamba. Pikipiki ikalala juu ya mguu wake wa kulia, ikaserereka naye mpaka kwenye mawe ya daraja, na pale ikasimama. Mguu haukusimama nayo. Boksi lilipasuka likaenda mtoni vipande vipande. Changu na tafi na kolekole wakatawanyika barabarani, wengine wakiserereka kwenye barafu yao wenyewe.

Mwendeshaji wa mwenzangu alipita katikati ya samaki wetu bila kupunguza mwendo. Alifika, akauza.

Watu walitokea mashambani, na ninasema nilichokiona: waliokimbilia samaki walikuwa wengi kuliko waliomkimbilia kijana. Mimi nilimkimbilia kijana. Lakini nilipokuwa nikifunga paja lake kwa mshipi wangu nilimwona mtu na kolekole wa kilo sita, nikampigia kelele aweke chini. Kijana alinitazama nilipofanya hivyo. Hakupiga ukelele hata mara moja. Kisigino chake kilikuwa kimeelekea mbele.

"Ilinitoka tu, mzee," aliniambia garini. "Kama nimekanyaga sabuni."

Tulimfikisha hospitali. Kisha nikarudi darajani, nikalifungua tairi la nyuma nikalitazama. Upande wa kulia kulikuwa na ukanda unaong'aa, upana wa vidole viwili, na ukiugusa ulikuwa na utelezi. Nikaona nimepata jibu. Mpira wa mtumba, nikasema, umekula mafuta kwenye meli, ukipata joto unayatoa. Nilimpa muuza barafu auguse, akakubali. Mtu mmoja aliyekuwa akiokota samaki alilinusa akasema linanuka samaki. Tukamwambia hata yeye ananuka samaki, barabara nzima inanuka samaki. Akaendelea kuokota.

Saa sita mchana nilikuwa Ukunda na tairi begani. Nilipoteremka pikapu watu walikuwa kumi, nilipofika kibandani walikuwa kama thelathini. Fundi alikuwa akiziba mpira wa baiskeli. Nililitupa tairi miguuni pake nikamwambia arudie alichosema, kwamba kwenye kona halitakuacha. Aliinama, akaudidimiza ukucha wake mahali pale panapong'aa, na ndipo nikampiga. Mara ya kwanza kwa kofi, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha kwa ngumi. Muuza barafu alimshika kwa nyuma, na wengine wakaingia kwa sababu walikuwa na mikono. Nilihesabu baadaye: waliopiga walikuwa sita. Aliyesema basi alikuwa mmoja, mama muuza mahamri, naye hakusema kwa nguvu.

Fundi alisema neno moja tu. Alikuwa amepiga magoti, damu inamtoka puani ikidondokea tairi.

"Kaka, mpira ni mzima. Niletee boksi."

Nilidhani ananidhihaki. Boksi lilikuwa mtoni. Nikachukua kile chuma chake cha kutolea matairi nikampiga nacho mdomoni, na alipoziba mdomo kwa mkono nikaupiga mkono. Mlio wa vidole nilikuwa siujui kabla ya siku ile. Ni mdogo, kama kuvunja muhogo mkavu. Ndio ulionifanya niweke chuma chini.

Siku ya tatu walimkata kijana mguu. Siku ya tano mjomba wa fundi alifika kutoka Taru, na mbuzi jike mmoja amemfunga kamba. Alikuwa mtu wa mifugo, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinisalimu kwa adabu kuliko nilivyostahili, akasema mpwa wake ameulizwa na ameshindwa kujibu kwa nini tairi liliteleza, na fundi asiyeweza kujibu ana kosa. Amekuja kuomba radhi. Mbuzi ni wa aliyekatwa mguu.

Sasa ningesema asante, mambo yangekwisha. Lakini mimi nimezoea kwamba bei ya kwanza si bei.

"Aliyepoteza mguu ni mmoja," nilimwambia. "Aliyepoteza kazi na pikipiki ni wa pili."

Mzee yule alinikabidhi kamba ya mbuzi. Alilala msikitini Ukunda, akaondoka alfajiri, na baada ya siku nne akarudi na mbuzi wa pili, naye jike. Wa kwanza tulimuuza, kijana akapata nauli ya kurudi kwao bara na fimbo mbili. Wa pili nilimpeleka kwa dada yangu Gazi. Fundi alifunga kibanda akarudi Taru. Ukunda nzima ilijua kwamba aliuza tairi la mafuta, na mtu akitaka kumtisha fundi mwingine alikuwa akimwambia usije ukawa kama yule wa Taru.

Miezi saba ikapita. Nilikuwa nimeinyoosha pikipiki nipate kuiuza, na mnunuzi, dalali kama mimi, alitaka kuiona na boksi juu. Nikaazima boksi jipya, nikafunga mpira wa maji kwa waya mahali pale pale, nikalijaza barafu, kwa sababu safari hii barafu ilikuwa ya mnunuzi. Nikamwambia akae kwenye kiti aone ilivyotulia. Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi alikaa tena, na nikaona kitu kwenye tairi la nyuma.

Ukanda wa kulia ulikuwa umelowa, upana wa vidole viwili.

Nilichuchumaa. Bati halikuwepo tena, nyuma ilikuwa imeshuka vidole vitatu, na ncha ya ule mpira, ambayo zamani ilikuwa ikidondoshea maji barabarani nyuma ya gurudumu, sasa ilikuwa imelalia tairi kama ulimi. Tone. Tone. Maji ya barafu, na siku ya kazi ni maji ya barafu na utelezi wa samaki, kilomita kumi na kitu kutoka Msambweni mpaka darajani. Ukilala kulia, yote yanakwenda kulia. Mchanga hautoi maji. Nilikuwa nimeupima mara mbili.

Mnunuzi aliniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna. Nikaukata ule mpira kwa kisu, nikamuuzia pikipiki, na sikupunguza bei.

Sikumwambia mtu. Kijana nilimwandikia barua mara moja, nikaandika juu ya hali ya hewa. Kisha miaka ikapita, na mwaka juzi nilikuwa safarini kwenda Nairobi, basi likasimama Taru abiria wanunue mahindi. Akaja mtu dirishani na mkungu wa ndizi, mkono wa kulia una vidole viwili visivyokunjika. Alinitambua kabla sijamtambua. Aliponisalimu niliona lile pengo.

Nilishuka. Nilikuwa na dakika kumi na nilizihesabu. Aliniuliza habari za kijana, nikasema yuko hai. Akasema yeye tairi hagusi tena, anachunga mbuzi na kuuza ndizi. Mpwawe alimwomba amfundishe, akakataa. Kisha akasema, bila mtu kumuuliza:

"Niliupima vibaya, kaka. Kila siku naurudia ule mpira kwa ukucha, na kila siku unaniambia ni mzima. Ndiyo maana nikaacha. Ukucha wangu unadanganya."

Mdomo wangu ulifunguka. Utingo akapiga bati la basi, na mimi, mtu ninayeweza kusimamisha soko zima kwa shilingi kumi, nikapanda. Akanipa ndizi tatu kupitia dirishani. Alikataa pesa.

Yule mbuzi wa pili amezaa, na wanawe wamezaa. Nimewahesabu wote, walio hai, waliouzwa na tuliowala: ishirini na sita. Nimewahesabu tena, ni ishirini na sita. Basi ninyi mnaosoma, mnaojua mizani kuliko mimi, nishaurini. Nimrudishie wawili waliotoka Taru, au ishirini na sita? Na mambo ya ule mpira wa maji nimwambie mbele ya nani, yeye peke yake kule kwenye ndizi zake, au pale Ukunda kando ya barabara, mbele ya watu thelathini, kama nilivyomhukumu? Na nikishamwambia, ule ukucha atauamini tena, au nitakuwa nimemwongezea tu mtu wa kumchukia, uzee huu?